Jina Kwenye Mlango wa Bedford

Nianze na kosa langu, maana nikianza na mengine nitajikuta najisafisha. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana niliagiza mlango wa lori la mume wangu ung'olewe, mlango wa upande wa dereva, ukatupwe mbali nisiuone tena. Hakuna aliyenishauri. Nilikuwa na akili zangu timamu na hasira zangu kifuani, na sababu ilikuwa moja tu: ndani ya mlango ule kulikuwa na jina la mwanamke.

Mimi naitwa Euphrasia, lakini Kariakoo ukiuliza Euphrasia watakwambia hawamjui. Uliza Mama Steven wa vitenge, Mtaa wa Narung'ombe, hata machinga aliyefika jana atakuleta mpaka dukani. Mume wangu ni Leodegar, Baba Steven, muuza spea za malori Gerezani tangu enzi duka lake lina rafu tatu na mbili ziko tupu. Ni mtu mpole. Sijui niseme mpole au mkimya, miaka arobaini ya ndoa na bado sijajua upole unaishia wapi na ukimya unaanzia wapi. Mimi nikiwaka, mtaa wa pili wanasikia. Yeye anatafuta kitambaa, anaanza kufuta spana. Ukimbana sana anakwambia "Tutaona," na hapo ujue maongezi yamekwisha.

Lori lenyewe lilikuja mwaka tisini na nane. Nyumba yetu ya nyumbani Kibosho ilikuwa imesimama kuta, inangoja bati. Baba Steven akaniaga kwamba anaenda kwenye mnada wa magari chakavu kutafuta spea. Jioni nasikia makelele mtaani, watu wanacheka, natoka nje. Mume wangu huyo, amekaa kwenye usukani wa Bedford kuukuu la jeshi, halina vioo, halina taa, linavutwa kwa mnyororo na lori jingine, na yeye anakata kona taratibu kama amebeba mayai. Nikamuuliza, "Baba Steven, hizi ndizo bati?" Akasema, "Mama Steven, hili ndilo gari nililoendea vitani." Nikamwambia, "Basi ungeliacha likafie hukohuko!" Siku nne hatukusemeshana.

Nilijua kwamba aliwahi kwenda vita vya Kagera. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, utingo wa lori la jeshi, na dereva wake alikuwa mtu wa nyumbani kwao aliyeitwa Steven. Huyo Steven hakurudi. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, Baba Steven akampa jina hilo, na jina lilituletea balaa, kwa sababu kwetu Wachaga mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu yake mzaa baba, hilo halina mjadala. Baba mkwe alikaa mwaka mzima bila kuniita mkwe. Nilipomuuliza mume wangu kwa nini anitie kwenye mtihani ule, alijibu, "Alikuwa rafiki yangu." Nikangoja aendelee. Ndiyo nangoja mpaka leo, nilikuwa nawaambia watu.

Lori tuliliweka kwa Ubeid. Ubeid ni Mwarabu wa hapahapa Kariakoo, amezaliwa hapa, baba yake kazikwa hapa, duka lake la masufuria, makarai na majiko ya jumla limepakana na fremu ya duka langu. Nyuma ya nyumba ya zamani ya ukoo wao Gerezani kulikuwa na uwanja mkubwa wa kufugia kuku. Akamwambia Baba Steven, "Lete hilo gogo lako, shekhe, kuku wangu wapate kivuli." Kuku walihamia kwenye kebini siku hiyohiyo.

Na hapo ndipo Jumapili zetu zilipoanza. Sikilizeni, mimi lile lori nililitukana miaka ishirini na sita, sikuwahi kulisifia hata siku moja, lakini leo nikifumba macho nikatafuta wapi familia yangu ilikuwa familia, naiona pale uwanjani. Tunasali misa ya kwanza, tunarudi Magomeni kubadili nguo, tunashuka Gerezani na chungu cha machalari, zile ndizi zetu za nyama, kimefungwa kwenye kanga. Steven wangu akiwa na miaka kumi na miwili tu anajua kusugua valvu. Nice, mdogo wake, alijifunza kuhesabu kwa nati zilizojaa kwenye kopo la maziwa, na neno la kwanza kulisoma mwenyewe lilikuwa Bedford, pale juu ya grili. Alinikimbilia na mikono imejaa grisi, akanishika gauni la kanisani ambalo siku hiyo sikulibadili, "Mama, limeandikwa! Limeandikwa!" Nilimchapa kwa ajili ya gauni. Hilo nalo linaniuma sasa.

Kazi yangu mimi ilikuwa kushona viti na kulalamika. Mvua ikinyesha tunapanda wote nyuma chini ya turubai, tunakula humohumo, Ubeid analeta kahawa na kashata, na sikukuu ya Idi analeta pilau sinia zima. Kabureta peke yake ilitafutwa miaka miwili, ikapatikana kwa mzee mmoja Makambako aliyekuwa anaiwekea mlango usijifunge. Nyumba za jirani zikawa zinabomolewa moja baada ya nyingine, maghorofa yakaota pande zote mpaka jua likawa linatufikia saa sita tu. Nice aliolewa akahamia kwenye maghorofa ya Upanga, Steven akapata kazi bandarini. Na bado Jumapili walikuja, watu wazima, na watoto wao, kufungua nati ambazo baba yao alishazifunga, ilimradi wawepo.

Kulikuwa na ugomvi wa rangi pia. Steven wangu alitaka ile kijani ya jeshi, ili lionekane lilivyokuwa. Baba yake akakataa katakata. "Rangi ya jeshi ni ya jeshi. Sisi ni raia." Tukabishana wiki tatu. Mwisho nikachagua mimi, rangi ya maziwa na mstari wa kahawia, na Ubeid akasema sasa linafanana na lori la mkate.

Kitu kimoja tu hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Mlango wa dereva. Bodi yote imenyooshwa, imepigwa msasa, inang'aa, lakini ule mlango umebaki vilevile, umeoza chini, una kutu, una mabonde, na kwa ndani kapigilia kipande cha turubai. "Huo niachieni mimi," alisema. Tulidhani ana mpango nao.

Mwaka jana mwezi wa nane injini ikawaka. Ikakohoa moshi mweusi uwanja mzima, kuku wakaruka ukuta, Nice akalia, na Baba Steven akasimama amenyoosha mikono hajui aiweke wapi. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea kwake. "Desemba tunapanda nalo nyumbani." Si "Tutaona." Alisema tunapanda.

Sasa, anayetujua Wachaga anaijua Desemba. Mji unabaki mweupe, sisi wote tuko barabarani kwenda nyumbani, na hakuna anayepanda mlima na gari chafu. Watu wanakopa magari, wanang'arisha rimu, ili tu wapite mbele ya kanisa polepole. Na mimi ndiye nitakayekaa kiti cha mbele. Mwezi wa kumi na moja nikaingia kwenye kebini kupima kiti nikishonee foronya mpya ya kitenge. Mkono ukagusa lile turubai la mlangoni, pini moja ikachomoka, likaanguka.

Chini yake, kwenye bati, kumeandikwa ANGELA 12/2/79. Herufi zimechimbwa kwa kitu chenye ncha, moja moja, na mtu ambaye hakuwa na haraka. Lakini kilichoniua si maandishi. Ni kwamba mlango mzima ulikuwa na kutu isipokuwa pale kwenye jina. Pale bati lilikuwa laini, linang'aa, kwa kupapaswa na vidole.

Najua mtasema mwaka sabini na tisa hata kumjua nilikuwa sijamjua. Haya, semeni. Lakini mimi miaka ishirini na sita nimebeba machalari kwenda Gerezani, nimeshona viti, nyumba yangu ikachelewa bati, na kumbe mwenzangu kila Jumapili anakaa pale kumpapasa Angela! Moyo uliniwaka jamani. Sikumuuliza. Ningeulizaje, nijibiwe "Tutaona"?

Wiki hiyohiyo akafiwa na shangazi yake, akapanda Kibosho kuzika. Basi la alfajiri lilipoondoka tu nikampigia Bushiri, fundi bodi wa Gerezani. Nikamwambia nataka mlango mwingine, mzima, na huu wa zamani uondoke. Bushiri akasitasita. "Mama Steven, mzee aliniambia mlango huu nisiuguse."

"Mzee ndiye atakayekaa kiti cha mbele, au mimi? Unataka nifike kwa wakwe zangu na mlango wa banda la kuku?"

Bushiri ni mtu wa Mungu, hapendi makelele. Siku ya tatu akapata mlango kutoka kwenye Bedford moja iliyokufa Buguruni, akaunyoosha, akaupaka rangi ya maziwa. Wa zamani ukapakiwa kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu. Nilisimama pale nikauangalia mpaka ulipokata kona, na niliona raha, sitawadanganya.

Baba Steven alirudi Jumatatu asubuhi. Hakupita nyumbani, alienda Gerezani moja kwa moja na begi lake, na mimi nilikuwa pale namngoja, nimejiandaa na maneno yangu. Akauona mlango. Akaufungua. Akapitisha kiganja ndani, taratibu, juu mpaka chini, halafu akapitisha tena. Akakaa chini, kwenye mavumbi, na suruali yake ya msibani.

"Mama Steven," akasema, "mlango wa Steven uko wapi?"

"Wa Steven?" Nikapandisha sauti, uwanja mzima ukageuka. "Mimi nimeona wa Angela! Huyo Angela ndiye nani? Niambie leo, maana mimi hapa ndiyo mwisho wangu!"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua. Halafu akasema, "Angela ni Mama Victoria."

Ngoja niwaeleze Mama Victoria ni nani. Ni mteja wangu. Ana duka la vitambaa nyumbani Kibosho, kila mwaka wiki ya kwanza ya Desemba anashuka Kariakoo kuchukua mzigo wa sikukuu, na anachukua kwangu. Miaka kumi na minane. Nilijua alilelewa na bibi yake, yule wa ng'ambo ya mfereji, nilijua mama yake aliolewa mbali, nilijua Victoria wake anasomea unesi. Jina lake la ubatizo sikuwahi kuliuliza. Kwetu mwanamke akishazaa unamwita kwa mtoto wake, basi, linabaki hilo. Nilijua pia kwamba kila akiingia dukani kwangu, Baba Steven akiwepo anakumbuka ghafla kuna mtu anamngoja Gerezani.

Akanisimulia akiwa amekaa palepale chini. Sijawahi kumsikia akiongea mfululizo namna ile.

"Tulikuwa Kyaka tunangoja kuvuka mto. Barua ikaja, mke wa Steven amejifungua mtoto wa kike, wamembatiza Angela. Steven alifurahi mpaka akawa hawezi kula. Akachukua msumari, akakaa mchana kutwa anaandika kwenye mlango. Akasema vita vikiisha ataliomba lori hili siku moja tu, alipeleke mpaka nyumbani, kihambani kwake, mtoto aje asome jina lake. Wiki ya pili tukavuka. Siku moja alfajiri gari likawa linavuta upande. Kuangalia tairi ni kazi ya nani, Mama Steven?"

"Ya utingo," nikasema.

"Ya utingo. Mimi nilikuwa nimelala. Akanihurumia, hakuniamsha, akashuka mwenyewe. Akakanyaga bomu la ardhini." Akapangusa vumbi kwenye goti la suruali. "Nikamlaza nyuma, nikaliendesha mimi mpaka nyuma kwa wenzetu, na nilikuwa sijawahi kuendesha. Wakamzika hukohuko. Kihambani kwao hakuna hata jiwe lake. Mtoto hana picha, hana barua, hana chochote alichokigusa baba yake ila ule mlango. Nilipoukuta mnadani nikajua nimeitwa. Kila mwaka nasema mwaka huu nitamwambia. Nikimuona naona yale macho ya Steven, naondoka."

Mama Victoria alikuwa anashuka baada ya siku tisa, na alichokuwa anakuja kukutana nacho, bila kujua, mimi nimekipakia kwenye mkokoteni huku nafurahi. Nikamwambia mume wangu, "Inuka. Inuka tuutafute."

Bushiri alimkumbuka mwenye mkokoteni. Mwenye mkokoteni akatuelekeza kwenye mizani ya vyuma chakavu Buguruni. Tulifika mimi mbele, Baba Steven nyuma na begi lake la msibani bado mkononi. Mwenye mizani akajikuna kichwa. "Mlango wa Bedford? Ulikuwepo, mama. Bati zito lile. Kauchukua fundi majiko wa pale nyuma, tangu Ijumaa."

Fundi majiko tulimkuta anagonga. Nikamuuliza kuhusu mlango.

"Ah, ule! Bati zuri, mama, si haya ya siku hizi yanayotoboka kwa kidole. Umenitolea majiko sita."

"Ulikuwa na maandishi?"

"Vyuma vyote vina maandishi, mama. Mimi nakata tu."

"Hayo majiko sita yako wapi?"

"Nimeshapeleka oda yangu Kariakoo. Kwa yule Mwarabu wa masufuria, Ubeid. Unamjua?"

Nilikaa kwenye pipa lake nikacheka, halafu nikalia, halafu sijui nilikuwa nafanya lipi kati ya hayo. Ubeid! Ukuta mmoja na duka langu! Jumamosi nzima nilikuwa nauza vitenge na mlango uko upande wa pili wa ukuta, umeshakuwa majiko.

Ubeid alipotusikiliza hakutania hata kidogo, na yeye hutania hata msibani. Akatufungulia stoo. "Yalikuja mia na ishirini," akasema. "Dazani mbili zimetoka asubuhi kwenda Mkuranga. Yaliyobaki ni haya." Yamepangwa mpaka juu, na yote, jamani, yote yamepakwa rangi ya fedha. Huwezi kujua lipi ni la bati la pipa, lipi la bati la mlango. Nikaanza kuyageuza mojamoja, nakodoa macho, sioni kitu.

Baba Steven akanishika bega. "Mama Steven, pumzika. Si la macho hili." Akaweka begi chini, akaketi kwenye kreti, akafumba macho, akanyoosha mikono. Ubeid akawa anampa jiko, mimi nalipokea. Anapapasa pande zote, anatikisa kichwa, jingine. Dukani wateja wanaita, Ubeid haitiki. Arobaini. Hamsini. Nikaanza kuwaza Mkuranga, nikaanza kuhesabu kwa siri yaliyobaki. Sitini. Lilipofika la sabini na kitu mikono yake ikasimama. Vidole vikaenda kulia, vikarudi, vikaenda tena. Machozi yalikuwa yanatoka kwenye macho yaliyofumbwa.

Tuliliosha kwa petroli, rangi ya fedha ikatoka. ANGELA. Jina lilikuwa zima, limeinamia chini kidogo. Tarehe ilikuwa imekatwa na kile kimlango cha kutolea majivu, ikabaki moja na kipande cha mbili. Nikasema, "Baba Steven, nisamehe." Akasema, "Na mimi ningesema mapema." Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yetu tukaomba radhi siku moja.

Mama Victoria alishuka Jumatano, kama kawaida yake, na mkoba wa ndizi za nyumbani. "Shikamoo Mama Steven!" Nikaitika marahaba. Akamuona Baba Steven amekaa kwenye robota la vitenge. Akamwamkia. Nikamtazama mume wangu, nikajua anatafuta mlango kwa macho, nikasimama katikati ya mlango.

Akamwambia. Alimwambia yote, hakujificha popote, na ile ya usingizi aliisema mara mbili kana kwamba anaogopa haikusikika. Halafu akalifungua jiko kutoka kwenye kanga, akamwekea mapajani. Mama Victoria alilisoma. Akaweka kidole kwenye A ya kwanza, akakipitisha ndani ya herufi, akaenda nacho mpaka mwisho. Machinga aliyekuwa anauza soksi mlangoni alivua kofia, sijui kwa nini.

"Kwa hiyo baba alikuacha ulale," akasema.

"Ndiyo. Nisamehe, mwanangu."

"Hapana, baba, si hivyo. Mimi watu wote huniambia tu kwamba alikufa vitani. Hakuna aliyewahi kuniambia alikuwaje." Akajifuta macho kwa upande wa mkono. "Alikuwa mtu wa kumwacha mwenzake alale. Basi. Nilikuwa sijui hata hilo. Nilidhani wewe unanichukia, kila nikiingia unatoka."

Nikaona zamu yangu imefika. Nikamwambia mimi ndiye niliyeutupa mlango, na kwa nini, na kwamba nilimdhania ni mwanamke wa mume wangu, mtu ambaye wakati anaandikwa pale alikuwa na wiki nne duniani. Nilingoja anitukane. Akacheka mpaka jiko likatikisika mapajani.

"Na mimi niseme la kwangu," akasema. "Kule Mtaa wa Kongo vitenge ni nafuu kuliko vyako. Kila mtu anajua. Mwenzangu tunayeshuka naye hunicheka kila mwaka kwamba napotea njia."

"Sasa kwa nini unakuja kwangu?"

"Nyumbani jina la baba halitajwi. Bibi alikuwa akilisikia anaingia ndani. Nikaja hapa mwaka wa kwanza, nikasikia watu wanaita Mama Steven huku, Mama Steven kule. Nikaona hapa naweza kulisema. Nikilisema kutwa nzima, hakuna anayelia. Sikujua kama ni la kwake huyohuyo. Nilikuwa nakuja kulisema tu."

Nilimshika mikono yote miwili. "Angela," nikamwambia. Ndiyo mara ya kwanza nalitamka mbele yake. "Karibu, Angela."

Angela alitanguliza mzigo wake nyumbani na yule mwenzake, akabaki kwetu. Tuliondoka tarehe ishirini asubuhi, Ubeid amesimama katikati ya barabara anasimamisha bajaji kwa mikono miwili ili lori lipite. Nilikuwa nimekishonea kile kiti cha mbele foronya ya kitenge kizuri kuliko vyote dukani, na nilikipigania miaka yote hiyo. Nikampisha Angela. Akapanda na jiko lake, akaliweka miguuni. Mimi nikaingia kwenye gari dogo la Steven wangu, tukawafuata kwa nyuma.

Kwenye kile kioo cha nyuma cha kebini nilikuwa naona vichwa viwili. Kimoja kimeinama kinasikiliza. Kingine ni cha mume wangu, na mkono wake mmoja uko hewani, anaonyesha kitu, anaushusha, anaupandisha tena. Steven akaniuliza, "Mama, kweli yule ni baba anaongea vile?" Nikamwambia aendeshe gari. Tulipofika Chalinze alikuwa bado anaongea.